Mutanu Anaenda Kuogelea Jangwani

Ukishuka kutoka stejini Kawangware kuelekea mtaa wa Kongo, kabla hujafika kwenye kinu cha unga, utaona benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Hapo ndipo Nduku wa Kitui huuza kahawa chungu yenye tangawizi, na hapo ndipo dunia nzima huhukumiwa kila asubuhi bila dunia yenyewe kuwa na habari. Wenye benchi ni watatu. Wepukhulu, fundi viatu kutoka Bungoma, huitwa Jaji kwa sababu hakuna mjadala anaouacha upite bila kuutolea hukumu. Mutinda, askari wa usiku kwenye jumba la tajiri mmoja huko Lavington, huitwa Setilaiti, maana habari zake zote huzipata kwa kuchungulia televisheni ya bosi kupitia dirishani. Picha anaiona, sauti hujiwekea mwenyewe. Wa tatu ni Austin wa bodaboda, ambaye wote humwita Bando kwa kuwa simu yake haikosi intaneti hata siku ambayo pikipiki yake imekosa petroli. Jumamosi hii kesi ilikuwa ya nyumbani. Mutanu, binti wa Nduku, msafisha bwawa la kuogelea kwenye klabu moja huko Lavington, kesho jioni anapanda ndege kwenda nchi ya Waarabu kushindana katika jangwa: aogelee, aendeshe baiskeli, akimbie, yote siku moja bila kulala, na mama yake hajampa baraka.

Kwao Nduku mtu haendi mbali hivihivi. Mama huchukua funda la maji, akamtemea mwanawe kifuani, akamtaja jina na kumwombea arudi. Nduku mwenyewe alitemewa hivyo siku alipoondoka Kitui, na hadi leo anaamini ndiyo sababu Nairobi haijammeza. Mutanu alikuwa amesema wazi kwamba bila funda la mama, ndege itaondoka bila yeye. Basi kwa wiki tatu Nduku akawa na shughuli za ghafla. Mara makaa ya Riruta ndiyo mazuri, mara kichwa kinamgonga, mara maji ya jerikeni yameisha. Asubuhi hiyo alikuwa akipepea jiko huku amewategea sikio wateja wake. Alijua si watu wa kuegemea. Lakini alitamani kusikia kwa mtu yeyote, hata kwa mwongo, kwamba mwanawe atarudi.

— Soma hiyo kitu tena, Bando, Jaji akaamuru, sindano imesimama kwenye soli. Pole pole. Korti inaandika.

Hakuwa akiandika chochote. Bando akaikuna simu yake kwa kidole gumba.

— Wanaogelea kilomita nne kasoro. Wanatoka kwa maji, wanapanda baiskeli, kilomita mia moja na themanini. Wanashuka kwa baiskeli, wanakimbia marathoni. Basi. Wanapewa medali wanaenda kulala.

— Kilomita ni maneno ya serikali. Niambie kwa njia. Kuogelea ni kutoka hapa mpaka wapi?

— Kutoka hapa Kongo mpaka Raila, kule Kibera.

— Kwa maji?

— Kwa maji, Jaji.

— Na Ngong Road anavuka aje na zile gari zote?

— Hakuna Ngong Road kwa bahari, mzae!

— Basi hiyo ni rahisi, Jaji akasema, akatoboa tundu lingine kwenye soli. Kitu huchelewesha mtu kufika Kibera ni Ngong Road. Endelea.

— Baiskeli ni kutoka hapa mpaka Kitui.

Nduku akaacha kupepea.

— Kitui gani?

— Kwenu kabisa, mathe. Kitui taun. Na hakuna kusimama kusalimia watu.

— Siku moja?

— Siku gani, hiyo ni ya asubuhi tu. Mchana sasa ndio anakimbia kutoka hapa mpaka karibu Thika.

Setilaiti, aliyekuwa bado na koti zito la lindo na rungu katikati ya magoti, akakunja uso.

— Ngoja. Huyu mtoto ameenda Kitui, halafu amerudi hapa, ndio akimbie Thika? Kwa nini asikimbilie hukohuko Kitui aone nyanya yake?

— Ni mfano, buda!

— Ni mfano mbaya. Unamzungusha mtoto wa wenyewe.

Setilaiti akainama, akaokota msumari, akaanza kuchora njia ya mashindano kwenye vumbi mbele ya benchi. Akapanga vizibo vya soda: hiki bahari, hiki baiskeli zimeegeshwa, hiki jangwa. Kizibo cha jangwa kikawa karibu na kiatu cha Jaji, na Jaji akauvuta mguu wake nyuma kana kwamba kweli pana joto.

— Mimi hizo mbio nimeziona, Setilaiti akasema. Kwa bosi, kwa ile skrini kubwa. Wanaanza kabla jua haijatoka. Watu kibao, wamevaa nguo nyeusi ya mpira, inabana mwili mzima, na kofia za rangi. Wamesimama kando ya maji wakilia.

— Wanalia? Nduku akauliza.

— Wanalia ama wanaomba. Sauti haikuwa.

— Hapo kuna jambo, Jaji akasema, akaweka kiatu chini ili hukumu itoke vizuri. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Sasa hawa hawajavua. Wameingia na nguo. Kisheria hawajaanza kuoga! Mtu anaweza geuka arudi nyumbani na hakuna mtu atamuuliza.

Nduku alicheka bila kutaka. Akajazia Jaji kikombe, na moyoni akalihifadhi neno hilo la kugeuka na kurudi nyumbani, ingawa alijua binti yake si mtu wa kugeuka. Mtoto huyo alipoanza kuendesha baiskeli kwenda kazini, majirani walisema atachoka wiki ya kwanza. Sasa kila Jumapili alfajiri huenda nayo mpaka Kitengela na kurudi kabla ya ibada, na kwenye kwaya sauti yake haitetemeki.

— Shida si maji, Setilaiti akaendelea. Shida ni baiskeli. Jua ya kule iko chini. Imeinama hivi, karibu ishike watu kichwa. Ukiweka tairi hewa, hewa inachemka, tyubu inapasuka. Kwa hivyo hawaweki hewa. Wanaweka barafu.

— Barafu kwa tyubu? Bando akashika kichwa. Maze, Setilaiti!

— Ile imesagwa.

— Na ikiyeyuka?

— Ikiyeyuka inakuwa maji, maji inamwagika kwa lami, mwenye ako nyuma anateleza. Sasa umeelewa kwa nini kila mtu anang'ang'ana kuwa mbele? Ulifikiri ni medali?

Bando akasonya. Akarudi kwenye simu.

— Hapa wameandika kitu ingine. Ati jangwani unaona maji mbele yako na si maji. Unafika, ni mchanga. Wengine wanaona hata hoteli.

— Iko na chapati? Setilaiti akauliza.

— Haijaandikwa.

— Hayo maji ya uongo wanaweka wenyewe, wenye mbio. Ni ya kupunguza watu. Mtu akiacha njia kwenda kunywa, wanamfuta.

— Hapana, hapana, Jaji akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyefumbuliwa fumbo. Sasa nimeona kwa nini wanaogelea kwanza! Mtu akishalowa maji ya ukweli asubuhi, maji ya uongo haiwezi kumdanganya mchana. Ni kama chanjo. Hao Waarabu wamesoma.

Benchi zima likakubali kwamba Waarabu wamesoma. Kahawa ikazunguka tena. Hata Setilaiti, ambaye hukubali jambo la mwenzake mara chache sana, alikihamisha kizibo cha bahari kikawa mbele zaidi.

— Lakini mimi nikiwa Mutanu, Jaji akaongeza, naenda pole pole. Haraka haraka haina baraka. Kwa hivyo kwa hizo mbio, mwenye anafika wa mwisho ndiye ako na baraka zote. Hao wa mbele wanagawana nini?

— Na akizimia njiani? Nduku akauliza.

— Kuna ngamia, Jaji akasema. Ngamia anafuata watu nyuma, mmoja mmoja. Ukianguka unawekwa juu. Shida ni kuamka. Unaamka uko kwa jikoni ya mtu, umevalishwa aproni, unaosha sahani. Dada ya shemeji yangu ilimpata hivyo.

— Si huyo alienda kazi, Jaji? Alikuwa na ajenti.

— Unaona sasa? Hata yeye mpaka leo anafikiri alienda kazi.

Bando alicheka mpaka kahawa ikampalia. Nduku naye akafuta macho kwa ncha ya leso. Kwa muda mfupi aliona kila kitu ni chepesi: bahari isiyo na Ngong Road, barafu ndani ya matairi, ngamia mvumilivu. Nusura aseme kwamba akirudi nyumbani atamwita binti yake uani na kufanya la kufanya. Ndipo Bando, katika hali ya kutaka kumtuliza zaidi, akasoma mstari mwingine.

— Halafu mathe, usiogope hata maji, kwa sababu hiyo bahari ni asubuhi tu. Ile njia ya baiskeli yote ni kavu. Inapita ndani ya bonde ya mto yenye ilikauka kitambo. Hakuna hata tone.

Nduku akaliweka birika chini. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye makaa, ikafoka, na hakuangalia.

— Mto mkavu? akasema. Huo ndio mto mbaya.

Watu wa benchi walidhani siku zote kwamba anaogopa jua. Jua! Nduku alizaliwa mahali ambapo jua ni jirani, unamlalamikia na unaishi naye. Alichokiogopa yeye ni maji yanayokuja mahali pakavu. Mto wa kwao ulikuwa mchanga mwaka mzima. Watu walichimba shimo ndani yake, wakangoja maji yajikusanye chini, wakateka kwa kata moja moja na kupakia punda. Kaka yake Kavoi alikuwa ndani ya shimo hilo, mbingu iko wazi kabisa, wakati mvua iliyonyesha vilima vya mbali ilipofika na ngurumo kama ya lori. Nduku alikuwa ukingoni ameshika kamba ya punda. Alimwona kaka yake akisimama, akaona maji yakimfika kiunoni, akamwona akirusha mikono. Hakuna aliyeruka kumfuata, kwa sababu hakuna aliyejua kuogelea, na mahali ambapo hata maji ya kunywa huletwa na punda, nani angewafundisha?

Hayo yote hakuyasema. Alisema tu:

— Kaka yangu alienda na mto mkavu.

Setilaiti, ambaye ni mtu wa Machakos na anaijua mito hiyo, akavua kofia. Bando akaizima simu. Jaji alijisikia vibaya, na Jaji akijisikia vibaya hutafuta methali, na methali zake huwa hazichagui mlango.

— Pole, Mama Mutanu. Ndivyo ilivyo. Mfa maji haachi kuta...

Hakuimalizia. Setilaiti alikuwa amemkanyaga mguu, palepale penye kizibo cha jangwa.

— Jaji, Bando akasema kwa sauti ya chini, wewe ukinyamaza hufungwi.

Wakati huo ndipo msichana mmoja alipokuja, viatu vyekundu kwa vumbi la kutembea, akasimama mbele ya benchi kwa uangalifu ili asikanyage bahari.

— Niaje hapa. Mama Mutanu ndiye nani?

— Ni mimi.

— Sasa, mama. Naitwa Valary, naishi Raila. Mimi hufua taulo kule klabu Mutanu anafanya kazi. Amenituma nikuulize kama umeamua. Ameniambia nisirudi bila jibu.

— Kaa kwanza, Nduku akasema. Kunywa kahawa.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake la wiki tatu: kaa kwanza, kunywa kwanza. Valary akakaa ukingoni penye tofali. Mabwana watatu, waliofurahi kupata sikio jipya, wakamwangukia kwa pamoja. Setilaiti akamwonyesha vizibo. Jaji akamweleza kuhusu chanjo ya maji ya uongo, akagusia ngamia. Bando akamtajia Raila, Kitui na Thika, na kumwonya kwamba ni mfano. Wakabishana upya kama barafu ya tairi la mbele hulingana na ya nyuma. Valary alisikiliza, akanywa kahawa yake yote, akafuta mdomo.

— Sawa, akasema. Mimi nauliza tu. Nani hapa amewahi kumwona Mutanu akiogelea?

— Wee, Jaji akasema, huyo mtoto anaogelea, Kongo yote inajua!

— Sijauliza kama inajua. Nimeuliza nani amemwona.

Jaji akaishika tena sindano.

— Mimi nimemwona akitoka kazi, Setilaiti akajaribu. Nywele imelowa.

— Hata mimi nikinyeshewa hulowa, Bando akamwambia.

— Mimi nimeona taulo, Jaji akasema. Ilikuwa imeanikwa.

Akafungua kinywa kutoa hukumu kuhusu taulo kama ushahidi, na kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwekwe tofali, hukumu haikutoka. Kisha macho yote manane yakamgeukia Nduku, kwa sababu mama ni mama, na mama lazima awe ameona.

Nduku hakuwa ameona. Miaka mitatu Mutanu amekuwa akiingia majini alfajiri kabla ya wenye klabu kuamka, ng'ambo ya barabara tu, mahali ambapo ungefika na andazi lako bado lina moto. Na si kwamba hakualikwa. "Njoo siku moja tu, mama, unione." Akajibu kahawa itaungua. Mara nyingine, jiko nitamwachia nani. Usiku alilala akaona maji, akaona mikono ikirushwa, akaamka na jasho. Sasa, mbele ya swali la msichana wa kufua taulo, aligundua jambo: katika ndoto hizo zote aliyekuwa majini alikuwa Kavoi. Hakuwahi hata siku moja kuwa Mutanu. Sura ya Mutanu akiwa majini Nduku hakuwa nayo, maana hajawahi kumtazama. Aliona haya, haya ya mama, na chini ya haya hiyo kulikuwa na hamu kubwa kuliko hofu.

— Sasa hivi yuko wapi? akauliza.

— Kwa maji, mama. Ndiyo ya mwisho kabla ya safari. Nimemwacha anaenda na kurudi, anaenda na kurudi. Yeye akianza hata humwiti.

— Anarusha mikono?

Valary akamwangalia, asielewe vizuri swali linatoka wapi.

— Harushi, mama. Anaiweka tu. Hata maji hairuki.

Nduku akafunika birika.

— Nitaruhusiwa kuingia?

— Askari wa geti ni mtu wa kwenu Kitui, wa Mwingi. Nimeongea na yeye nikitoka.

Nduku akafungua aproni, akaitundika kwenye msumari ukutani. Jaji akashtuka kuliko siku ya uchaguzi.

— Sasa Mama Mutanu! Na kahawa? Nani atatupimia?

— Jipimieni. Mmepima bahari ya wenyewe tangu asubuhi, kikombe kitawashinda?

Akapiga hatua mbili, akasimama, akarudi. Akachukua kikombe safi, akainamisha jerikeni, akakijaza maji mpaka juu. Setilaiti aliona hivyo, akasimama wima na kofia yake mkononi. Valary yeye akacheka.

— Maji ya nini tena, mama? Kule imejaa.

— Ni safi?

— Ni safi sana. Lakini inawekwa dawa, ati. Usije ukameza.

Nduku alikitazama kikombe kile. Kisha akamwaga maji yote barabarani, akajifunga leso vizuri kiunoni, akamshika msichana mkono.

— Simezi, akasema. Natema.